Usiangalie Karatasi

Asubuhi ile, akifunga aproni mbele ya kioo cha chooni, Délia alijiapiza kwamba leo hatamwangalia Rui. Atamsalimia kama anavyowasalimia wazazi wengine, atamkabidhi mtoto wake na michoro ya mtoto wake, atawatakia kila la heri, basi. Ilikuwa siku ya mwisho ya kambi ya sanaa ya watoto. Mtu mzima na akili zake hawezi kushindwa kuyazuia macho yake kwa siku moja.

Sasa jua la Agosti lilikuwa limeshajaa kwenye madirisha marefu ya makumbusho, watoto wanakimbizana na mikono yao yenye rangi, na Délia alikuwa ameutazama mlango kiasi kwamba hata watoto walikuwa wameanza kugeuka kuona kuna nini.

"Shingo itavunjika hiyo, shoga," Maureen alimwambia. Maureen ndiye aliyekuwa mkuu wa kambi, mama mwenye mvi alizozinyoa kama mvulana na mdomo usiokuwa na breki. "Akija utajua tu. Utamnusa kabla hujamwona."

"Namtafuta nani? Naangalia saa."

"Saa iko ukuta wa huku."

Délia akainama kuokota brashi ambayo haikuwa imeanguka. Maureen alisema kweli. Rui alikuwa mwokaji mikate wa Columbia Street, na popote alipopita aliacha harufu ya sukari na maganda ya limau. Ilikuwa imeshamfikisha Délia mahali pabaya, kwa sababu siku hizi hata akipita mbele ya duka la mikate ambalo si la Rui, moyo ulimruka.

Mambo yalianzia kwenye udongo. Mwanzoni mwa Julai Rui alikuja mapema kumchukua binti yake, Inês, akawakuta watoto wanafinyanga vikombe na Délia ameelemewa. Akakunja mikono ya shati, akauliza kama anaweza kusaidia kukanda. Mwokaji mzima anaomba kukanda, nani atamkatalia? Akaukanda udongo ule kama anavyokanda unga wa mkate mtamu: anaukunja, anaubana, anaukunja tena, na hewa inabaki ndani. Mkate unaitaka hewa hiyo. Udongo hauitaki hata chembe. Délia alilijua hilo tangu chuoni, na alikuwa amesimama pale pale, ila alikuwa anaangalia mikono, hakuwa anaangalia udongo. Vikombe vilipoingia kwenye tanuri vilipasuka vyote.

Kesho yake Rui alirudi na kapu la mikate kwa kila mtoto, uso umemwiva kwa aibu.

"Nimekuulia vikombe," alisema.

Délia alicheka mpaka akaegemea ukuta. Rui naye akacheka, kwa kusitasita, kama mtu anayejaribu viatu vilivyokaa sana kabatini. Tangu siku hiyo akawa anafika kabla ya muda na kukaa kwenye benchi la kando ya mlango, na wanaongea. Yalikuwa mambo ya kawaida tu, joto, bei ya mayai, Inês anavyopaka rangi ya zambarau kila kitu mpaka mbwa. Mara moja tu alisema jambo jingine. "Tangu mke wangu Lurdes afariki," alisema, "hakuna mtu nyumbani anayenicheka. Nilikuwa nimeshasahau inavyokuwa." Halafu akasimama akaenda zake, kama aliyeogopa maneno yake mwenyewe.

Délia akasubiri aseme la pili. Alikuwa ameitwa akafundishe sanaa Minneapolis, shule nzuri, mwaka mzima wa masomo, na walikuwa wanamngoja awajibu. Aliwapiga chenga wiki baada ya wiki. Hakutaka makubwa kwa Rui. Alitaka neno moja la kumzuia.

Jumatano, badala ya neno, alikuja mama mkwe wa Rui.

Dona Zulmira, kama alivyoitwa kwa heshima, alikuwa mama yake Lurdes. Hakuwa amevua nguo nyeusi tangu wamzike. Nyumba ya ghorofa tatu waliyokaa Rui na Inês ilikuwa yake, na Rui alipokuwa kwenye tanuri usiku kucha, yeye ndiye aliyemlaza Inês na kumwamsha. Alimkuta Délia kwenye chumba cha kuwekea mikoba ya watoto, akafunga mlango taratibu.

"Wewe ni binti wa Alda wa kanisani, sivyo?"

"Ndiyo, Dona Zulmira."

"Mama yako namheshimu. Ndiyo maana nimekuja kwako mwenyewe, sikutuma watu." Akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani, na bado alionekana mkubwa kuliko kile chumba. "Zamani, usiku, yule mtoto alikuwa anamwita mama yake. Mimi nalala mlango wazi ili nimsikie. Juzi nikasikia anaita, nikakimbia. Unajua alikuwa anamwita nani?"

Délia alijua.

"Anakuita wewe."

"Dona Zulmira, mimi sijafanya..."

"Najua hujafanya. Ungekuwa umefanya ningekuja na sauti nyingine. Rui naye hajafanya. Ila mimi si kipofu, mwanangu. Mwanamume ananyoa ndevu siku za kazi, kwa ajili ya nani? Ya unga?"

Siku nyingine Délia angecheka. Mama yule akaendelea, na sauti yake ikashuka.

"Lurdes wangu yuko ukutani, juu ya meza tunayolia chakula. Kila asubuhi namwambia mtoto, msalimie mama. Sasa siku ukikaa wewe kwenye meza ile, mtoto atamsalimia nani? Na mimi niangalie wapi? Nasikia umepata kazi nzuri huko mbali. Nenda. Sikufukuzi, nakuomba."

Afadhali angemfukuza. Anayefukuzwa anaweza kubisha, anaweza kupiga makelele na kuapa kwamba haondoki. Anayeombwa na mama aliyezika mtoto wake atasema nini? Jioni ile ile Délia aliwapigia simu watu wa Minneapolis, akawakubalia. Angeondoka Jumapili.

"Huyo kaja," Maureen alinong'ona, akimrudisha Délia kwenye mlango.

Harufu ilitangulia, kama alivyosema. Rui aliingia na sinia kubwa la maandazi ya sukari lililofunikwa kitambaa, shati jeupe, ndevu amenyoa. Lakini nyuma yake, akipanda ngazi ya mwisho kwa kushika ukuta, alikuja Dona Zulmira na mkoba wake mweusi.

"Habari za mchana, mwalimu," alisema Rui.

"Nzuri. Karibuni. Karibu, Dona Zulmira." Délia aliyasalimia maandazi, kwa maana macho aliyaelekeza huko. "Weka pale mezani, Rui. Asante sana."

"Bibi!" Inês alikuja mbio, zambarau mpaka kwenye nyusi. "Bibi umekuja! Baba alisema huji!"

"Nimebadilisha mawazo," alisema bibi yake, na akamtazama Délia, hakumtazama mtoto.

Ijumaa ya mwisho kambi ile ilikuwa na desturi yake, na waliokuwa wameleta watoto miaka ya nyuma waliijua na kuikimbia. Siku hiyo wazazi ndio wanakuwa wanafunzi. Kila mtoto anamchagua mkubwa mmoja wa kwao, wanaketi wanatazamana, karatasi mapajani, na wanachorana. Masharti ni matatu, na watoto waliyapiga kelele kwa pamoja huku wakigonga meza: macho yabaki kwenye uso wa mwenzako, penseli isiinuke, na usiangalie karatasi mpaka kengele ilie. Kila kinachochorwa kinatundikwa. Kibaya kinatundikwa, kizuri kinatundikwa, hakuna kinachobaki mezani.

"Namchagua bibi!" alisema Inês.

"Mimi? Mchague baba yako. Mimi mikono inatetemeka."

"Bibi hutakiwi kuwa hodari. Mwalimu amesema hodari ndio wanaharibu." Akamvuta mpaka kwenye kiti, akampa penseli. Halafu akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, akatazama huku na huku. "Baba hana mtu."

"Mimi nitaangalia tu," alisema Rui.

"Hairuhusiwi kuangalia tu! Mwalimu naye hana mtu. Baba, kaa na mwalimu!"

Délia alihisi joto limempanda mpaka masikioni. "Maureen atakaa na baba yako, Inês. Mimi nina kazi ya..."

"Mimi nashika kengele," alisema Maureen, akaishika kifuani kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya.

"Kaa! Kaa! Kaa!" watoto wakaimba, na wazazi wao, waliokwisha kutiwa adabu kwenye viti vidogo, wakajiunga nao.

Ndivyo Délia alivyoketi mbele ya Rui, magoti yao yakikaribia kugusana kwa sababu viti vile vilitengenezwa kwa watoto wa miaka saba. Nyuma ya bega la Rui, hatua chache tu, aliketi Dona Zulmira, ameamriwa na mjukuu wake asitikisike. Na hapo alipoamriwa kutazama, zaidi ya uso wa Inês, aliwaona wao wawili.

"Penseli kwenye karatasi," alisema Maureen. "Macho juu. Haya, anzeni."

Kiapo cha asubuhi kikaishia hapo. Délia aliinua macho.

Kiangazi kizima alikuwa amemwangalia Rui kwa kuiba. Alimwangalia akifunga zipu ya mkoba wa Inês, akipukuta unga kwenye nywele, akicheka na Maureen. Kumwangalia hivi, wazi, kwa amri, hakuwa amekujaribu, na hakujua kungekuwa hivi. Aliona alama ndogo ya kuungua juu ya nyusi. Aliona macho ya rangi ya kahawa, na uchovu chini yake wa mtu anayelala mchana. Aliona pia kwamba macho yale hayakuwa yanamwangalia kama mwalimu. Penseli yake ikaanza kutembea yenyewe, ikashuka na shavu lake.

"Maureen ameniambia unaondoka," alisema Rui kwa sauti ya chini.

"Jumapili."

"Minneapolis."

"Ndiyo."

"Kuna baridi huko."

"Nimesikia."

Pembeni mtoto mmoja alikuwa anamkaripia baba yake kwa kuchungulia karatasi. "Mikate yao ya huko siijui," Rui akasema hatimaye.

"Rui, chora."

"Nachora."

"Kwa nini hukuniuliza mwenyewe? Kama naondoka. Unakaa kwenye lile benchi kila siku, unaniuliza bei ya mayai."

"Niliogopa utasema ndiyo."

"Si ndiyo nimesema sasa." Sauti ilitaka kumponyoka, akaibana. "Ulikuwa na la kuniambia?"

Délia aliuona mdomo wake ukifunguka. Aliliona neno likifika pale, kama mtu anayefika kwenye kizingiti. Na aliyaona macho yake yakitaka kugeuka nyuma, kwenye kile kiti alichokaa mwanamke mwenye nguo nyeusi, ambaye nyumba ni yake na mtoto amelelewa naye. Hayakugeuka. Masharti yaliyakataza. Lakini yalitaka kugeuka, na Délia, aliyekuwa anayatazama kwa ukaribu ule, aliona.

"Hapa siwezi," alisema Rui.

"Basi usiseme."

"Délia."

"Usiseme, nakuomba. Niangalie tu. Tumeambiwa tuangaliane, basi tuangaliane, na hiyo nitaondoka nayo."

Wakatazamana. Makelele ya watoto yalienda mbali, joto likaenda mbali. Délia alimpenda mtu huyu na alijua sasa, bila kubahatisha, kwamba anapendwa. Uchungu ukaja palepale na furaha, vikachanganyika hata asijue analia kwa kipi. Chozi lilimshuka na hakulifuta, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na penseli na mwingine umeshika karatasi. Maureen alikuwa amesimama dirishani na kengele yake, anatazama nje, kama mtu aliyesahau alichoshika. Wazazi walianza kulalamika kwamba mikono inauma.

"Maureen!" mtoto mmoja akapiga kelele. "Kengele!"

"Aa, kweli," alisema Maureen, akaigonga.

Chumba kikalipuka kwa vicheko. Pua zilikuwa shavuni, jicho moja limekaa juu ya nywele, mama mmoja alikuwa na videvu vitatu na alitaka kujua ni nani aliyemfundisha mwanawe adabu hiyo. Inês alimchora bibi yake kama kiazi chenye miwani, akabusu karatasi kwa furaha. Halafu akaja kwa Délia.

"Mwalimu! Umechora meza!"

Délia akatazama. Mstari wake ulianzia kwenye paji la uso wa Rui, ukashuka vizuri, ukafika kidevuni, ukatoka nje ya karatasi na kuendelea juu ya ubao wa meza iliyokuwa ubavuni mwake, mrefu, bila kukata, mpaka ukingoni. Mwalimu wa sanaa miaka yote, na kosa hilo hata watoto wadogo hawakulifanya.

"Nilijisahau," alisema, akafuta uso kwa aproni.

"Na baba je? Baba, tuone!"

Rui alikuwa ameikumbatia karatasi yake kifuani. Inês akaivuta, akaigeuza, akaigeuza tena upande wa pili, akarudi upande wa kwanza.

"Baba, hujachora."

Kulikuwa na nukta moja. Penseli ilikuwa imewekwa katikati ya karatasi pale Maureen aliposema anzeni, na haikutoka hapo. Ilikuwa imegandamizwa mahali pamoja muda wote ule, mpaka karatasi ikabonyea na kukaribia kutoboka.

"Nilisahau," alisema Rui.

"Ulisahau nini?"

"Kuchora."

Baba mmoja alianza kucheka, mkewe akamkanyaga mguu. Wengine wakatazamana, kama watu wazima wanapoelewa kitu mbele ya watoto. Délia hakuthubutu kumtazama Dona Zulmira.

"Hiyo haina haja ya kutundikwa, Inês," alisema Rui, akanyoosha mkono. "Mpe baba."

"Kila kitu kinatundikwa. Ndiyo sharti." Inês alikuwa mtu wa sheria. Aliipandisha ukutani kati ya kiazi chenye miwani na videvu vitatu, akachukua kikaratasi cha maelezo, maana pale makumbusho hakuna picha inayokaa bila maelezo yake, akaandika kwa zambarau, ulimi nje, herufi kubwa. Alipomaliza alisoma kwa sauti ili kila mtu asikie. "Imechorwa na baba yangu. Jina: Baba Anamwangalia Mwalimu. Penseli kidogo sana juu ya karatasi."

Maureen akapiga makofi kwa nguvu kupita kiasi, akatangaza kwamba uani kuna maandazi na keki na maji ya limau, na wa mwisho kufika ataosha brashi. Watoto wakatoka kama mafuriko, wazazi nyuma yao. Rui alivutwa na binti yake mpaka mlangoni. Pale akageuka, akamwona mama mkwe wake hajaondoka kwenye kiti.

"Mama, nikusaidie kushuka?"

"Nenda na mtoto. Nina miguu yangu."

Délia alianza kukusanya penseli. Alikusanya zilizokuwepo na zisizokuwepo. Alisikia kiti kikilia, kisha hatua za taratibu zikienda ukutani na kusimama pale.

"Mwanangu, njoo unisomee. Miwani hii ya karibu imekwisha nguvu."

"Dona Zulmira, ni maandishi ya mtoto tu."

"Nisomee."

Délia akasoma.

Dona Zulmira alitikisa kichwa kidogo. "Nimekaa pale nimeambiwa nisigeuze shingo. Mara ya kwanza tangu binti yangu afe mtu ananikalisha bila kazi mkononi. Mimi huwa sikai, unajua? Nikikaa naanza kuona vitu." Alifungua mkoba, akatoa leso, hakuitumia. "Nikaona. Jumatano nilikwambia mimi si kipofu. Nilijisifu bure."

"Nimeshawakubalia watu wa Minneapolis," Délia alisema haraka. "Jioni ile ile. Naondoka Jumapili, usiwe na wasiwasi. Sikumwambia Rui kwamba ulikuja. Na sitamwambia."

"Najua hukumwambia. Angekuwa amenisema. Badala yake jana alinipikia supu." Mama yule alinyoosha kidole akaigusa nukta, pale karatasi ilipobonyea, kwa uangalifu, kama anayepima homa ya mtoto. "Alimpenda Lurdes wangu. Hilo nisimsikie mtu yeyote akilitia shaka."

"Siwezi kulitia shaka."

"Alimpenda vizuri. Kisha akakaa ghorofa ya kati ya nyumba yangu kama kiti. Nami nikamwacha awe kiti, kwa kuwa kiti hakiondoki." Akafunga mkoba wake. "Hiyo kazi yako inaisha lini?"

"Juni. Shule zikifungwa."

"Juni." Dona Zulmira alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Ni mbali. Lakini nitauhitaji muda huo. Lazima nimweleze Lurdes. Nikimwambia kwa ghafla ataumia. Kidogo kidogo, asubuhi kwa asubuhi, nikiwa nasafisha kioo cha picha yake. Nitamwambia yupo msichana, binti wa Alda, anamchekesha Rui. Nitamwambia hatutamwondoa pale ukutani, atabaki pale pale. Ataelewa. Alikuwa na moyo mzuri kuliko mimi."

Délia alishindwa. Alilia waziwazi, na mikono ile ambayo ilisemekana inatetemeka ikamshika mabegani, ikamtikisa kidogo, ikampa leso.

"Basi. Basi, unaniharibia. Nimekuja huku kula keki." Alienda mlangoni akishika ukuta, na pale kwenye ngazi akapaza sauti iliyotosha mtaa mzima. "Rui! Njoo ubebe viti hivi! Unamwachia mwalimu kazi yote, ndivyo ulivyolelewa?"

Rui alipanda ngazi mbili mbili. Walipishana mlangoni, akamtazama mama mkwe wake, mama mkwe akamtazama, akampukuta sukari begani, akateremka zake.

Rui alianza kubeba viti kweli. Alivipanga kimoja juu ya kingine ukutani, vyote, mpaka vikabaki viwili vile vya katikati vinavyotazamana. Akasimama kando ya viti hivyo.

"Amekwambia nini?"

"Ameuliza kazi yangu inaisha lini."

Rui aliketi kwenye kiti kimoja. "Délia, nakupenda. Nilitaka kulisema tangu siku vikombe vilipopasuka."

"Julai yote? Na Agosti?"

"Mimi mwokaji. Nimezoea kuweka kitu chini ya kitambaa na kusubiri kiumuke."

"Kikizidi kusubiri kinamwagika, Rui. Kimemwagika. Jumapili nina ndege." Alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akaketi mbele yake, magoti kwa magoti. "Ungesema wiki moja tu nyuma."

"Najua."

"Utanisubiri mpaka Juni? Na baridi yote hiyo katikati?"

"Nitakupigia nikitoka kwenye tanuri. Utachoka kunisikia." Aliokota penseli sakafuni na karatasi safi mezani, akaiweka juu ya goti. Uso wake ulikuwa mzito kama wa mtu aliyekwisha kupewa kitu na tayari anahesabu kitakavyokuwa mbali. "Kaa hivyo hivyo. Nataka nikujue kwa mkono, ili huko nyumbani niweze kukuchora bila wewe kuwepo."

"Utanichora vibaya."

"Nitakuchora vibaya sana."

"Usiangalie karatasi, basi."

"Siiangalii," alisema, na safari hii Délia aliisikia penseli ikitembea.

Chini uani Inês alikuwa anamwita baba yake aje ale keki kabla haijaisha. Aliita mara ya kwanza, akaita tena, na bibi yake akamwambia amwache kwanza.